Shule ya kanisa inataka kumsomesha binti yangu "hadi chuo kikuu". Nitie sahihi?

*"Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Namuwongo, Kampala, upande wa reli. Sote sita tunalala chumba kimoja. Jioni nauza samaki wa kukaanga na muhogo; baba watoto ni askari wa kampuni ya ulinzi. Mimi nilikulia baraksi za jeshi, yeye ni wa Aringa, huko West Nile, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kiswahili. Binti yetu wa kwanza amemaliza darasa la saba (P7), amepata agrigeti 14, daraja la pili. Kuna shule ya Kikristo ya bweni, imejengwa na kanisa pamoja na marafiki wao wa Marekani. Wanasema ni shule ya kuwaandaa watoto wa mitaa ya mabanda kwa chuo kikuu. Walikuja mtaani, wakampa mtihani, wakamhoji, sasa wanasema watamsomesha bure hadi chuo kikuu. Baba yake ni Mwislamu, anaogopa watambatiza. Dada yangu anasema shule za kanisa ndizo zinazofaulisha, nisichezee bahati. Jirani anasema mtoto wa daraja la pili hafiki chuo kikuu hata umpeleke wapi, bora ajifunze cherehani. Fomu inataka sahihi kabla ya Ijumaa. Nifanyeje?"*

Hongera kwanza, Mama. Agrigeti 14 kutoka chumba kimoja cha watu sita si matokeo ya kuyaombea radhi, na tafadhali usimruhusu mtu yeyote, jirani wala mjomba, ayazungumzie mbele ya binti kana kwamba ni msiba.

Nikikusoma vizuri, watu watatu wanakuvuta pande tatu. Baba anaogopa dini, dada anaogopa bahati kupotea, jirani ameshamhukumu mtoto. Wewe mwenyewe unachoogopa hukukiandika, ila nimekiona kwenye neno "bure". Nimefundisha sekondari hapa Kampala miaka zaidi ya ishirini, mingine nikiwa mkuu wa taaluma, na neno hilo limenitoa jasho mara nyingi kuliko hesabu za S6, mwaka wa mwisho wa sekondari. Tutalifikia. Nianze na jirani, maana huyo ni rahisi.

Daraja la kwanza la PLE, mtihani wa Uganda wa kumaliza shule ya msingi, linaishia agrigeti 12, na binti yako amebaki nje kwa pointi mbili. Mtihani huo ni karatasi nne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, na Maarifa ya Jamii yenye dini ndani yake. Kila karatasi hupewa alama kuanzia 1, iliyo bora, hadi 9, na jumla yake ndiyo agrigeti, ndiyo maana matokeo yanakwenda kutoka 4 mpaka 36. Mtoto hupimwa siku mbili za mwezi wa kumi na moja, basi. Akiamka na homa ya malaria siku ya Hesabu, agrigeti zinapanda. Chuo kikuu hakimuulizi mtu agrigeti za P7. Kinadai cheti cha S4 na, kwa njia ya kawaida, angalau prinsipo pasi mbili za S6, yaani kufaulu kikamilifu masomo makuu mawili. Kati ya P7 na hapo kuna miaka sita, na ndani ya miaka sita nimeona watoto wa agrigeti 6 wakizama na wa agrigeti 20 wakipanda. PLE huamua mlango gani wa S1 utamfungukia. Jambo hilo si dogo, lakini ndilo hilo tu.

Sasa dada. Ana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha. Ni kweli shule nyingi zenye majina makubwa nchini zilianzishwa na wamisionari: Namilyango mwaka 1902, Gayaza 1905, Budo na Kisubi 1906. Lakini zilianzishwa kwa ajili ya nani? Budo na Namilyango zilijengwa kwa watoto wa machifu, na Gayaza kwa mabinti wa tabaka lilelile. Tangu miaka ya 1960 serikali ndiyo inayoshika usukani wa shule kama hizo, makanisa yakabaki waasisi wenye sauti yao. Shule hizo bado zinafaulisha, na sababu kubwa haihitaji muujiza: zinachukua watoto waliokwisha kufaulu. Ukikusanya watoto wa agrigeti 4 na 5 kutoka nchi nzima, ukawalaza mahali pamoja, ukawapa walimu na maabara, gazeti litaandika habari zako kila mwaka. Msalaba ukutani haumfundishi mtu milinganyo. Wamisionari wenyewe walilijua hilo, ndiyo maana walileta na walimu.

Shule iliyokujia wewe ni ya aina nyingine kabisa, na kwangu inavutia zaidi, kwa sababu inamtafuta mtoto ambaye zile kubwa zimemruka. Hata hivyo hilo jina, "shule ya kuwaandaa kwa chuo kikuu", limesafiri kutoka mbali. Limetoka Marekani, ambako mtoto hamalizi sekondari kwa mtihani mmoja wa taifa. Kule kila chuo kinatazama alama zake za miaka yote, barua za walimu na insha aliyoandika, kwa hiyo mtoto wa mtaa maskini ambaye hana mtu wa kumwonyesha njia hupotea hata akiwa na akili. Makanisa yakaanza kujenga shule za kuziba pengo hilo mijini. Mfano unaojulikana ni Cristo Rey, iliyofunguliwa na Wajesuiti mjini Chicago mwaka 1996 kwa familia za wahamiaji. Hawakuwa na pesa za kuiendesha, wakabuni jambo: kila mwanafunzi afanye kazi ofisini kama siku tano kwa mwezi, na ujira wake ulipe sehemu kubwa ya ada. Baadaye shule za mtindo huo zikaenea katika miji mingine ya Marekani. (Nimeulizwa kama tunaweza kuufanya hapa. Mwenye kampuni Industrial Area aliye tayari kumlipa binti wa S2 kwa kupanga faili simjui. Akijitokeza, nitampelekea wanafunzi mimi mwenyewe.)

Hapa kwetu jina hilo halina uzito wowote katika sheria. Kila sekondari yenye S5 na S6 inaandaa watu kwa chuo kikuu, na kipimo ni kimoja, mitihani ya UNEB, baraza la mitihani la taifa. Kwa hiyo usiulize shule inajiitaje. Uliza kama ina S5 na S6, kwa sababu nyingine zinaishia S4 na hazikwambii kitu. Uliza kama imesajiliwa na Wizara ya Elimu au bado ina leseni ya muda, na kama ina namba yake ya kituo cha UNEB. Shule isiyo na namba hiyo huwapeleka watoto wake kufanyia mtihani kwa jirani. Si kosa la jinai kwa shule changa, ila ujue mapema.

Halafu kuna swali moja ambalo ningeliuliza kabla ya chai kuletwa: *walioingia S1 miaka sita iliyopita, leo wako wapi?*

Shule nyingi zitakuonyesha picha ya msichana mmoja mwenye joho la Makerere. Mshangilie, kisha rudi kwenye swali. Tuseme waliingia 40. Wangapi walifanya mtihani wa S4? Wangapi walifika S6? Wangapi walipata prinsipo mbili, na wale wengine walikwenda wapi? Mwalimu mkuu anayewajua watoto wake atakujibu kwa majina: huyu yuko chuo cha ualimu, huyu alipata mimba S3 akarudi, huyu alihamia Arua kwa shangazi, wale wawili hatujui. Jibu la namna hiyo, hata likiwa na huzuni ndani yake, lina thamani kuliko bango. Akikwambia "wote wanafanya vizuri kwa neema ya Mungu", omba daftari. Kama shule ni changa na haijafikisha darasa hata moja S6, aseme hivyo wazi. Utakuwa unampeleka mtoto kwa wapimaji wa njia, na hiyo ni hatari unayoweza kuikubali macho yakiwa wazi.

Nieleze basi ni nini hasa humfikisha mtoto wa Namuwongo S6, maana wazazi wengi hudhani ni akili au koching, yale masomo ya ziada. Akili zipo. Kinachokosekana ni saa. Binti anayerudi nyumbani saa kumi na moja, achote maji, akusaidie kuwasha mkaa, awaogeshe wadogo, hupata nafasi ya kufungua kitabu saa nne usiku, na taa ikizimwa hapo ndipo masomo yalipoishia. Mwenzake wa bwenini ana saa mbili za kujisomea asubuhi na jioni. Zijumlishe kwa miaka sita. Bweni zuri linanunua saa, taa, chakula kinachofika tumboni kwa wakati, na usingizi. Ada kwa kweli inalipia hayo, mwalimu ni yuleyule.

Jambo la pili ni mtu mzima anayeijua njia. S4 ikiisha mtoto huchagua masomo matatu ya S5, na uchaguzi huo hufunga milango mingine. Mtoto anayeota unesi akachukua Historia na Dini kwa sababu rafiki yake amechukua, atakuja kulia miaka miwili baadaye mbele ya orodha ya kozi. Katika familia ambazo hakuna aliyekwenda chuo, hakuna wa kumwambia "hapana, chukua Bayolojia na Kemia". Shule ya aina hii, kama ni ya kweli, ina mwalimu ambaye kazi yake ni hiyo. Muulize jina lake na ofisi yake iko wapi.

La tatu ni lugha. Nyumbani Kiswahili, mtaani Kiganda, darasani Kiingereza. Mitihani yote isipokuwa ya lugha nyingine ni ya Kiingereza, na watoto wengi wa mabanda hawashindwi na Sayansi, wanashindwa kulisoma swali la Sayansi. Kwa upande mwingine, mtaala mpya wa S1 hadi S4 ulioanza mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa cha lazima S1 na S2. Hapo binti yako ataingia akiwa mbele ya wenzake, ingawa mwambie mapema kwamba Kiswahili cha baraksi na ngeli za mwalimu havikusoma shule moja. Mtaala huohuo unahesabu kazi za darasani kwa asilimia 20 ya matokeo ya S4, na mtihani wa mwisho asilimia 80. Maana yake mtoto anayefukuzwa kila mara kwa ajili ya ada, au anayehamahama, hupoteza alama ambazo hazirudishwi kwa kukesha mwezi wa tisa.

Hilo linatuleta kwenye "bure".

Kiswahili chetu kina mtego kwenye neno *hadi*. "Hadi chuo kikuu" ni hadi langoni, au hadi siku ya joho? Nimeona wazazi wakisikia la pili wakati shule ilimaanisha la kwanza, na hakuna aliyedanganya. Waambie waliandike. Mambo mawili yapasa kuwa kwenye karatasi: msaada unaishia wapi, na nini kinachoweza kuukatisha. Je, akipata alama mbaya muhula mmoja? Akirudia darasa? Mfadhili akifa, au akipoteza kazi?

Hapa sharti uelewe pesa hizo zinavyotembea. Katika mpango mmoja, kila mtoto ana mfadhili wake ng'ambo, mwenye picha yake ukutani, anayelipa kila mwezi. Mtoto humwandikia barua. Ni mpango wenye upendo ndani yake, ila kamba ni moja. Katika shule niliyofanya kazi zamani tulikuwa na msichana wa S5, mtulivu, mkali wa Fizikia. Mfadhili wake aliacha kuandika mwezi wa tatu, na mwezi wa sita shule ikamrudisha kwao na sanduku lake la bati. Nilikuwa kwenye kikao hicho na nilinyamaza. Katika mpango mwingine, michango yote huingia kapu moja na shule huwagawia watoto wote, hivyo mmoja akijitoa mtoto haanguki. Uliza shule hiyo inafuata upi. Kama ni wa kwanza, uliza kama kuna mfuko wa akiba kwa watoto waliopoteza wafadhili.

Uliza pia ufadhili unalipa nini. Ada peke yake si gharama ya shule, unalijua hilo kuliko mimi. Kuna rikwayamenti: rimu za karatasi, ufagio, karatasi za chooni, sukari, sabuni. Kuna godoro, yunifomu, pedi, nauli ya mwanzo na mwisho wa muhula, ada ya UNEB, dawa. Omba orodha iliyoandikwa, mstari kwa mstari, na kando ya kila mstari nani analipa. Jumlisha yako kwa mihula mitatu. Kama jumla inazidi unachoweza kukitoa kwenye samaki, sema sasa. Shule nyingi za namna hii zina namna ya kusaidia, lakini hazisaidii zisichokijua.

Na baada ya S6, usimtegemee mfadhili peke yake. Serikali husomesha wanafunzi kama 4,000 tu kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, na ushindani wake ni mkali, ingawa wasichana huongezewa pointi 1.5, utaratibu ulioanzia Makerere mwaka 1990. Ipo pia mikopo ya bodi ya serikali ya kugharimia elimu ya juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Inalipa ada ya masomo, hailipi chakula wala chumba. Watoto wengi hukwama hapo kwenye chakula na chumba.

Kwa baba yake nitasema kwa heshima, kwa sababu hofu yake haitokani na ujinga. Shule ya Kikristo itakuwa na sala za asubuhi, ibada ya Jumapili, na pengine somo la Biblia kila wiki. Kuhudhuria ni jambo moja na kubatizwa ni jambo jingine. Katiba yetu inalinda uhuru wa dini, na shule yenye kujiheshimu haimbatizi mtoto mdogo bila ridhaa ya wazazi. Kuna shule za kanisa ambamo watoto wa Kiislamu hufunga Ramadhani na kuwekewa futari jikoni, na kuna nyingine ambamo hijabu ni ugomvi wa kila wiki. Zote zinajiita za Kikristo. Njia ya kujua hii yenu ni ya aina ipi ni baba mwenyewe aende, amuulize mwalimu mkuu ana kwa ana: je, ana wanafunzi Waislamu? Wanaswali wapi? Ramadhani inakuwaje? Akipata majibu, yaandikwe kwenye fomu kabla ya sahihi. Msimfiche mtoto jambo hili. Yeye ndiye atakayekuwa huko saa kumi na moja alfajiri kengele ikilia.

Jirani amesema cherehani, na hapo sitamcheka. Ufundi si adhabu ya walioshindwa. Mtu akimaliza S4 anaweza kuchukua cheti cha ufundi, kisha diploma, na kwa diploma akaingia chuo kikuu mwaka wa kwanza au hata wa pili. Njia hiyo ni ndefu ila iko wazi. Kosa la jirani ni kumpeleka huko sasa, P7, mtoto wa miaka kumi na tatu au kumi na nne, kabla hajapata nafasi ya kujijua.

Ipo na sekondari ya kutwa ya serikali. Usiidharau. Kama kuna iliyo karibu ambayo walimu wanaingia darasani, na mnaweza kumpa binti saa mbili kila jioni bila ndoo wala watoto, hiyo nayo ni njia. Atabaki chini ya macho yenu na ya dini ya baba yake. Ugumu uko kwenye hizo saa mbili. Wewe unakaanga samaki saa hizohizo, na nadhani huyo binti ndiye anayewashika wadogo. Akienda bweni, nani atawashika? Lijibuni hilo nyumbani kabla ya Ijumaa, maana nimeona watoto wakirudishwa kutoka bweni zuri kwa sababu mama alizidiwa.

Mambo machache hayana mjadala. Asilia za cheti cha kuzaliwa na matokeo ya PLE hazibaki kwao, toa nakala. Picha na hadithi ya mtoto zisitumwe ng'ambo bila wewe kuziona. Kiboko kimekatazwa shuleni kwa sheria tangu marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, kwa hiyo uliza wanaadhibu vipi. Uliza pia wanafanya nini msichana akipata mimba, kwa sababu mwongozo wa Wizara wa mwaka 2020 unampa nafasi ya kurudi shuleni, na baadhi ya shule za kanisa zina uso mgumu hapo. Mtu yeyote akianza kuzungumzia kumpeleka mtoto nje ya nchi, au kukuomba sahihi ya kuachia malezi, simama na uondoke.

Kabla ya kutia sahihi, nenda ofisi ya elimu ya Divisheni ya Makindye uwaulize kuhusu usajili wa shule hiyo. Huhitaji kumjua mtu. Fomu usiisome peke yako. Mchukue mwalimu wake wa P7 akusomee kila mstari, hasa ule mdogo wa chini. Siku yoyote akiwa huko ukasikia kitu kinachokunyima usingizi, namba ya bure ya kuwalinda watoto ni 116.

Ukiniuliza moyo wangu uko wapi: kama shule ina S6, ina majibu ya wale waliotangulia, na inakubali kuandika mambo ya dini na ya pesa, mimi ningempeleka. Kama inakwepa hata moja kati ya hayo matatu, ningechukua ile ya kutwa na kutafuta msaada wa ada kwingine. Na Ijumaa isikutishe. Wapigie simu leo, uwaambie baba na mama wanataka kuja kuiona shule kwanza. Wakikataa, umeshapata jibu. Wakikubali, nendeni siku ya kawaida ya wiki, si siku ya kutembelea wanafunzi, na binti aende nanyi. Ninyi mkiwa ofisini, mwacheni yeye akae na wasichana wa S2 chini ya mti, awaulize jana usiku walikula nini, na mara ya mwisho matroni alimfokea nani, kwa kosa gani.